Usilifue

Weka chini hilo jeusi, Shekivuli.
Najua limekukaa. Kioo changu kimepasuka
lakini hakijawahi kumdanganya mteja.
Ila jeusi na buluu, kule nyika ya Umba,
ni kadi ya mwaliko kwa mbung'o:
hupanda gari likiwa mwendoni,
na nauli anakudai wewe.

Shika hili, rangi ya uji wa ulezi uliopoa.
Mikono mirefu, ndiyo.
Joto utalipata hata ukienda uchi,
afadhali likukute umevaa.
Na liwe pamba tupu. Sugua hapa, sikia.
Haya yanayong'aa yatakupika kama mkate wa kumimina,
moto juu, moto chini,
na wewe katikati unaumuka.

Suruali isibane. Mkanda usiwe na bizimu kubwa:
Landrova ya Mbaruku haina springi,
ina kumbukumbu ya springi tu.
Mchumba wako naye kama anakwenda
mwambie sidiria ikaze. Usiangalie pembeni,
mashimo ya njia ya Kivingo
hayaoni haya kama wewe.

Buti chukua hili, lilishavunjwa na mguu wa mtu.
Jipya litakuchuna kabla ya mwiba.
Kofia yenye kamba kidevuni;
isiyo na kamba ni sadaka, umeitoa pale Mnazi
na hakuna wa kukuitikia amina.
Shuka jepesi shingoni, ulivute hadi puani
gari la mbele linapotimua lile vumbi jekundu
ambalo, ukilimeza, utalikohoa benki
mbele ya meneja, wiki nzima.
Na sweta. Unacheka?
Alfajiri upepo unashuka Usambara
na wewe uko juu ya gari lisilo na paa.
Meno yako yatahesabu pesa zisizokuwepo.

Nini? Nimefika mara ngapi?

Sijafika.
Mwisho wangu mimi Korogwe, msibani,
na mvua ilinyesha siku zote tatu.

Ila Mbaruku ni wa tumbo moja na mimi.
Wageni wanasahau nguo kambini;
wenyewe wakiwa wamesharuka na ndege
yeye ananiletea hapa Tangamano, kiroba kizima,
nami kabla sijatia maji
nakaa chini, nasoma.

Kwapa lina chumvi: hiyo ni saa saba mchana,
gari limekwama, wanasukuma.
Mkono wa kushoto huchanika kwanza,
abiria kaegemeza kiwiko dirishani
na mgunga haupigi hodi.
Ndani ya kola kuna mstari mwekundu
sabuni ya mche hupita juu yake, huuacha.
Mifukoni nimekuta mwiba mrefu kama kidole changu,
unyoya wa kanga, yule ndege,
na mchanga. Mchanga niliuhesabu punje kwa punje
hadi adhana ya alasiri,
nikautia kwenye kopo la samli, uko nyumbani.

Kuna siku lilikuja koti la jitu,
mabega yake kama mlango.
Usiku nikalivaa, nikakaa kitandani nimefumba macho,
nikajitikisa kidogo, hivi, kulia, kushoto,
kama mtu anayevuka korongo.
Mume wangu akageuka: harufu gani hiyo?
Nikamwambia bizari.

Hukumu yako sitaki. Lete hela.
Shati elfu sita. Haya, tano,
maana umesimama ukasikiliza
na wengine hunipapasia nguo tu wakaondoka.
Lakini kwa sharti:
Jumatatu ukirudi, kabla hujaenda kazini,
pitia hapa na hili shati. Nitalinunua mimi,
elfu saba, faida yako.

Usilifue.